Bei Unayoweza Kumweleza Jirani

Wanangu wa Awasi, na ninyi mliotapakaa kutoka hapa hadi Ahero, Chemelil na Muhoroni, nipeni masikio yenu kidogo.

Zamani kesi zilizoletwa mbele yetu wazee zilikuwa za mipaka ya mashamba na ng'ombe waliovamia mpunga wa watu. Siku hizi naletewa kesi za laptopu. Mmoja amemuuzia jirani, jirani amempa binti yake aende nayo chuoni, na mwezi haujaisha mashine inazimika kila stima inapopotea. Muuzaji anaapa kwamba bei ilikuwa nzuri. Mnunuzi anaapa kwamba ameibiwa. Nikimuuliza muuzaji ile bei aliipata wapi, ananyamaza, kisha ananijibu: Mzee, nilikuwa na shida ya karo. Nikimuuliza mnunuzi alilipia nini, anasema: niliona inang'aa.

Hapo ndipo ninapochoka. Wawili hawa si wezi. Ni watu wawili waliokubaliana bei bila hata mmoja wao kupiga hesabu, na sasa hawasalimiani njiani. Nimeshayasema haya kwa mmoja mmoja. Leo nayasema kwa wote, polepole, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

La kwanza: pesa ulizonunulia wewe hazimhusu mnunuzi wako. Nilishika daftari la stoo kiwandani kwa miaka mingi, na kila chombo cha zamani kilikuwa na thamani mbili, ya vitabuni na ya mnadani. Ya vitabuni inafuata kanuni. Sheria yetu ya kodi ya mapato ilimruhusu mfanyabiashara akate asilimia 30 kwa mwaka kwa uchakavu wa kompyuta, na mwaka 2020 kiwango kikashushwa hadi asilimia 25. Chukua mashine iliyonunuliwa mpya kwa shilingi 60,000. Ukikata robo ya kilichobaki kila mwaka, mwaka wa kwanza unabaki na 45,000, wa pili 33,750, wa tatu kama 25,300, na wa nne haifiki 19,000. Mtoto wa darasa la saba anaiweza hesabu hiyo, na ni dawa nzuri kwa anayetaka kurudishiwa pesa zake zote baada ya kuitumia mashine miaka minne. Miaka hiyo umeifaidi wewe. Umechapa barua, umejaza fomu za watu za HELB na za KRA, umepata riziki. Huwezi kumuuzia mwenzako matumizi uliyokwisha kuyala.

Lakini kanuni ya vitabuni haioni kioo kilichopasuka, wala haijui kama mashine ilikaa kwenye nyumba iliyoingia maji mto Nyando ulipofurika. Kwa hiyo usiishie hapo. Mahali pa haki pa kuanzia ni swali moja: mnunuzi akipanda matatu leo hii hadi Kisumu, atapata mashine kama hii kwa pesa ngapi? Ulizia maduka matatu, si moja. Ulizia mashine ya aina ileile, ya kizazi kilekile, yenye RAM na diski sawa na yako. Achana na bei ya ile mpya inayotangazwa mabangoni, maana yako haijawahi kushindana nayo. Mashindano yako ni zile zinazoletwa kwa makontena kutoka ofisi za Ulaya, ambazo wauzaji wanaziandika ex-UK, na duka linalojiheshimu linakupa nazo dhamana ya miezi kadhaa.

Kuhusu kizazi cha prosesa, sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumia. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine bado inawaka, bado inachapa, ila viraka vya bure vya usalama havimfikii tena mtumiaji wa kawaida kama zamani. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali rasmi kila mashine. Kwa zile za Intel inataka, isipokuwa chache sana, kuanzia kizazi cha nane, ambacho kilianza kutoka mwaka 2017. Tazama sasa HP EliteBook 840 G3 na 840 G5. Kwa macho ya mzazi aliyeuza mahindi ili amnunulie mtoto, zote mbili ni za rangi ya fedha, zote nyembamba, zote nzuri. Ile ya kwanza ni ya kizazi cha sita. Ya pili kwa kawaida ni ya kizazi cha nane, ingawa zipo za cha saba, ndiyo maana tunasoma maandishi ya mashine yenyewe wala hatutegemei jina la nje. Ofisi za Ulaya zilipoziondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba, zilikuwa zinatuletea pia tatizo lao. Muuzaji anayejua tofauti hiyo na asimwambie mzazi, amekula haki ya mtoto.

Sisemi mashine ya kizazi cha sita itupwe. Inaweza kuwekewa Linux na ikafanya kazi ya kuchapa na kusoma kwa miaka mingine. Ninachosema ni kwamba bei yake itaje ukweli huo, na mdomo wako pia uutaje.

Sasa tuingie kwenye kukata. Tuseme umezunguka Kisumu ukakuta mashine kama yako inauzwa kwa wastani wa shilingi 28,000, ikiwa na dhamana. Wewe huna dhamana ya kumpa jirani: kata 3,000. Betri imefika nusu ya nguvu zake, na mpya pamoja na kazi ya fundi ni 4,000: kata nusu, yaani 2,000. Chaja iliyokuja na mashine iliungua, na uliyonayo ni ya kubahatisha: kata 1,500. Bawaba moja ya kioo imelegea, na fundi anataka 1,500: kata hizo pia. Umebakiwa na 20,000. Hiyo ndiyo dari yako. Kisha mpigie broka anayenunua kwa pesa taslimu umuulize atakupa ngapi leo. Akisema 15,000, hiyo ndiyo sakafu yako. Kati ya 15,000 na 20,000 mna nafasi ya kuongea kama watu wazima. Ukipata 18,000, umemzidi broka kwa 3,000, na jirani ameokoa pesa na nauli ya kwenda mjini. Wote wawili mmefaidi, na hakuna aliyefaidi kwa kumchimbia mwenzake.

Mtaniambia: Mzee, mimi niliiongezea RAM, nikabadilisha diski nikaweka SSD, nililipa 7,000. Vizuri. Lakini vitu hivyo navyo vimezeeka. Hesabu bei ya kuvipata leo vikiwa vimetumika, wala usihesabu ile risiti ya miaka miwili iliyopita. Na zile programu za wizi ulizojazia ndani usizitie kwenye bei hata kidogo. Huwezi kutoza pesa kwa kitu ambacho hata wewe hukukilipia.

Kuhusu betri, acheni kubishana kwa maneno. Mnunuzi wa ng'ombe hapa kwenye tambarare za Kano hafungui pochi kabla ya kumtazama meno, na laptopu nayo ina meno yake. Fungua ule ukurasa mweusi wa amri za Windows, andika powercfg /batteryreport, bonyeza kitufe cha kuingiza. Mashine itakuandikia faili, na ukiifungua utakuta mistari miwili iliyofuatana: uwezo ambao betri ilitengenezwa nao, na uwezo inaoweza kubeba leo ikijaa. Tuseme wa juu unasema 50,000 na wa chini unasema 27,000. Betri hiyo imebakiwa na asilimia 54. Hakuna haja ya kuapa kwa mama. Mwonyeshe mnunuzi mistari hiyo miwili kwa kidole, kisha ichomoeni chaja mkae mnaongea nusu saa huku video inacheza, mwone wenyewe. Huku kwetu stima hupotea mvua ikinyesha, inapotea pia hata mvua isiponyesha, kwa hiyo betri si pambo. Mwanafunzi anayeandika mtihani wake mtandaoni anaitegemea.

Mkimaliza betri, bonyezeni kila kitufe cha kibodi. Chomekeni kitu kwenye kila tundu. Sikilizeni feni, maana vumbi la Kano wakati wa kiangazi huingia ndani likashikana, mashine ikachemka na kupunguza kasi yake. Kuisafisha ni kazi ya fundi ya muda mfupi. Ifanye wewe muuzaji kabla hujaipeleka sokoni, na kama mashine ilipigwa na radi au ilibadilishwa ubao mkuu, sema. Kasoro iliyotajwa kabla ya kulipana huwa ni punguzo. Ile ile ikigunduliwa baadaye huwa ni kesi, na kesi hizo ndizo zinazonichosha.

Karatasi pia zina bei yake. Risiti ya kwanza, namba ya mashine iliyo chini yake, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na maandishi mafupi ya makubaliano yenye mashahidi wawili. Ukilipwa kwa M-Pesa, ujumbe uhifadhiwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na wewe unayenunua, ukiambiwa mashine ya 25,000 unaipata kwa 6,000 usiku huu huu na muuzaji hataki kuandika jina lake, geuza miguu. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayepokea mali ya wizi huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, na kifungo chake hufika miaka 14. Bei iliyoshuka mno inaweza kuwa mojawapo ya sababu hizo. Kijana mzuri anaweza kupoteza ujana wake kwa pesa alizodhani ameziokoa.

Muuzaji, kabla hujaikabidhi, futa yako yote. Picha za watoto, barua za benki, na kama ilikuwa mashine ya saiba, nakala za vitambulisho vya watu walioleta shida zao kwako. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, lakini hata isingekuwepo, siri za wateja wako hazikuwa sehemu ya biashara.

Sasa niseme lile lililonifanya niinue kalamu. Mashine ina bei yake, na shida ina bei yake, na ninyi mnazichanganya. Karo ya mtoto wako, mazishi, deni la chama, hayo yote ni mazito na nayaheshimu. Hata hivyo hayajaongeza RAM hata kidogo. Ukihitaji 30,000 na mashine ni ya 18,000, una mashine ya 18,000 na pengo la 12,000. Pengo hilo ulipeleke kwa ndugu, kwa chama, kwa kanisa. Usilifiche ndani ya laptopu ukambebesha binti wa watu.

Na ninyi wanunuzi msicheke, kwa sababu yenu ni mabaya zaidi. Nimeona mtu anamwendea mjane ambaye mumewe amezikwa majuzi, anaiona laptopu ya marehemu juu ya kabati, anaikashifu kwa sauti kubwa: hii ni ya kale, hii haina soko, nakusaidia tu kukuondolea. Anampa 5,000, na Jumamosi anaiuza Kisumu kwa mara nne ya hizo. Mjane hakujua kizazi wala RAM. Wewe ulijua. Elimu yako ilikuwa iwe taa kwake, ukaifanya panga. Ukinunua kwa mtu asiyejua, wajibu wa kupiga hesabu za pande zote mbili umekuangukia wewe. Mpigie hesabu yake kwanza, kwa sauti, mbele ya watoto wake.

Kipimo changu ni hiki, na sina kingine. Bei ya haki ni ile unayoweza kuieleza mstari kwa mstari: hii ndiyo bei ya Kisumu, hii ya betri, hii ya chaja, hii ya dhamana nisiyokuwa nayo. Ukifika kwenye mstari ambao usingetaka mnunuzi auone, hapo ndipo ulipozidisha, au ndipo ulipopunja. Awasi ni ndogo. Utakutana naye stendi, utakutana naye kanisani, mtoto wake atasoma na wako.

Kwa hiyo anayetaka kuuza kabla vyuo havijafunguliwa, aandike mistari yake leo kwenye karatasi na aende nayo kwa mnunuzi. Na aliyekwisha kumzidishia jirani, anajijua. Asingoje kuitwa mbele ya wazee. Apige hesabu upya, atoe kilichozidi, amrudishie.