Simbilisi wa Shilingi Mia Tano

Somo: Mithali 12:10, Luka 12:6-7, Yohana 12:4-6

Jambo la wiki hii baadhi yenu mtalicheka. Hata mimi nililicheka mwanzoni.

Binti yangu wa miaka tisa alikuwa na simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye watoto humwita ginipigi. Alimpa jina Karanga. Tulimnunua kwa shilingi 500. Mwezi uliopita Karanga aliacha kula. Siku ya kwanza tukasema ni baridi. Siku ya pili alikuwa amejikunyata pembeni, kidevu kimelowa mate, akiangalia sukuma wiki bila kuigusa.

Binti yangu akaniuliza, "Baba, tutampeleka kwa daktari?"

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, na kichwa changu kilipiga hesabu kabla moyo haujasema kitu. Mnyama ni wa 500. Matibabu yatafika maelfu. Pesa hiyo inanunua wengine kumi. Tena nilikuwa nimeahidi shilingi 10,000 katika harambee ya bili ya hospitali ya mmoja wetu hapa kanisani. Nikamjibu mtoto kwa sauti ya kiroho kabisa: "Tumwachie Mungu."

Tukamwombea. Asubuhi hali ilikuwa ile ile, na mimi sikuwa nimelala vizuri. Nilijua nilichofanya. Sikuwa nimemwachia Mungu. Nilikuwa nimeiachia njaa imalize kazi ambayo sikutaka kuilipia.

Mithali 12:10 tunaifahamu nusu. Tunakumbuka kwamba mtu wa haki hujulikana hata kwa anavyomtunza mnyama wake. Nusu ya pili hatuihubiri sana: kwamba hata kile ambacho mwovu anakiita huruma, ndani yake ni ukatili. Mstari huo ulinishika. "Aende tu polepole, Mungu anajua" ilisikika kama huruma, lakini kwa Karanga ilikuwa ni kufa njaa kwa siku kadhaa.

Kisha kuna Yuda. Mafuta ya thamani yalipomiminwa miguuni pa Yesu, yeye ndiye aliyewataja maskini, na Yohana anatuambia wazi kwamba hakuwa anawajali. Na mimi nilikuwa nimeitaja harambee. Ukweli ni kwamba pesa ya harambee nilikuwa nimeshaitenga, iko kwa bahasha. Iliyokuwa hatarini ni pesa niliyoweka ya kubadilisha simu. Nilikuwa nimemtumia mgonjwa wa kanisa kama ngao. Wapendwa, tuchunguze mara ngapi tunafanya hivyo.

Basi tukaenda kwa daktari wa mifugo. Alimfungua mdomo akamulika kwa tochi, akaniita nione. Meno ya simbilisi hayaachi kukua maisha yake yote. Nyasi anazotafuna ndizo huyasaga. Sisi tulikuwa tunamlisha zaidi chakula cha sungura kutoka agroveti, nyasi mara moja moja. Meno ya nyuma yalikuwa yameota hadi yameufunika ulimi kama daraja. Alitaka kula. Alishindwa kumeza. Daktari akaeleza pia kwamba mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, na mboga tulizompa hazikutosha. Kwa hiyo haikuwa bahati mbaya tu. Sisi tulichangia.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza: kumtia usingizi na kuyakata meno, shilingi 9,000, halafu kumlisha kwa bomba la sindano mchana na usiku, na huenda kurudia kukata kila baada ya wiki kadhaa. Kwa udhaifu ule angeweza kufa mezani. Ya pili: sindano ya kumlaza asiamke, shilingi 1,500.

Nikamwuliza, "Daktari, angekuwa wako?" Akanyamaza kidogo. "Pasta, ningemlaza."

Tukamlaza. Binti yangu alimshika hadi mwisho. Sikumwambia amelala, nilimwambia amekufa, na kwamba tulikosea jinsi ya kumlisha, na kwamba mimi nilichelewa siku moja.

Mtu ataniuliza: kama mnyama analazwa, mbona si binadamu? Binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na uhai wake haukuwekwa mikononi mwetu. Mnyama Mungu alimweka chini ya utawala wetu, na anayetawala hawezi kukwepa uamuzi ukiwa mgumu.

Mwingine atauliza: pesa kwa panya, na watu wana njaa? Swali hilo ni halali. Mathayo anasema shomoro wawili waliuzwa kwa sarafu moja. Luka anasema watano kwa sarafu mbili. Yaani yule wa tano alikuwa nyongeza, kama nyanya anayokutupia mama mboga juu ya fungu. Yesu anasema hata huyo wa nyongeza Mungu hamsahau. Lakini mstari unaofuata anasema sisi tuna thamani kuliko shomoro wengi. Yote mawili ni kweli. Kwa hiyo bahasha ya harambee haikuguswa, na simu yangu bado ina ufa.

Je, niliamua sawasawa? Naamini hivyo. Lakini siwezi kuapa kwamba zile 9,000 hazikunisaidia kuamua. Ninachojua ni kwamba bei ya kununua haituambii deni letu ni kiasi gani. Hatudaiwi kuponya kwa gharama yoyote. Tunadaiwa kuangalia, kuuliza anayejua, na kutomwacha ateseke kisha tukaita hayo imani.

Pale nyumbani kwako kuna nani unayesema umemwachia Mungu? Mbwa wa lango, punda wa kuchota maji, au pengine mzazi mzee kule kijijini? Kabla ya ibada ya Jumapili, nenda ukamwangalie.