Mkono wa Kwanza: Nasaha Juu ya Kuwatafutia Mayatima Wafadhili

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu zangu Waislamu wa pwani! Hutujia ndugu zetu wa Iringa na Mbeya, wamechukua barua mikononi, wakitafuta wafadhili wa hafla za kuwachangia mayatima. Wengi wetu huzipokea barua zile, tukazitia mfukoni, tukasema "Inshallah". Neno la kumtegemea Mungu tumelifanya mlango wa kukimbilia.

Na haja yao ni ya kweli. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa katika kila watu wazima 100 wa mkoa wa Iringa, zaidi ya 11 walikuwa na virusi vya Ukimwi, na katika mkoa wa Mbeya zaidi ya 9. Maradhi haya yameacha watoto wengi hawana baba wala mama. Na miji ile iko juu milimani, na baridi yake ya Juni na Julai sisi tuliozoea joto la bahari hatuijui.

Basi mfadhili ni nani? Amepokea Imam Muslim kwa Jarir bin Abdillah, kwamba walikuja Madina watu wa kabila la Mudhar, hawana viatu, wamejitanda vipande vya nguo. Uso wa Mtume (s.a.w.) ukageuka kwa kuwaona. Akasalisha, kisha akahutubu, akawahimiza watu watoe, ijapokuwa nusu ya tende. Akaja mtu mmoja katika Ansari na mfuko ambao mkono wake ulikaribia kushindwa nao, bali ulishindwa. Hapo watu wakafuatana, hata yakasimama marundo mawili ya chakula na nguo, na uso wa Mtume ukang'ara. Ndipo akabainisha kuwa mwenye kuanzisha jambo jema ana ujira wake, na mfano wa ujira wa wote watakaomfuata.

Huyo ndiye mfadhili: mwenye kufungua mkono wa kwanza ili mikono mingine ifunguke. Kwa hiyo, enyi mnaoandaa hafla, anzeni na nafsi zenu. Barua isiyotanguliwa na mchango wa mwenye kuiandika ni nyepesi mkononi mwa anayeipokea.

Na kazi bora ya kumpa mfadhili ni kubeba gharama za hafla yenyewe: turubai, viti, kipaza sauti na pilau. Mali iliyotolewa kwa yatima ni amana, na mwenye kuikusanya ni wakili tu. Hana ruhusa ya kuitumia katika lisilokuwa lile aliloambiwa. Akilisha wageni kwa fedha ya yatima pasi na idhini ya waliotoa, amefanya khiana, ijapokuwa nia yake ni njema. Lakini gharama zikichukuliwa na mtu mmoja aliyeridhia, shilingi ya maskini humfikia yatima nzima.

Tena tazameni ni nani mnayemwendea. Mwenyiezi Mungu ni mwema, hakubali ila kilicho chema. Kutundika jina la muuza pombe au la mchezesha kamari juu ya vichwa vya mayatima ni kumtangazia biashara yake. Ama jirani asiye Muislamu mwenye mali ya halali, na huko bara majirani hao ni wengi, hapana ubaya kupokea hisani yake, Mtume (s.a.w.) alipokea zawadi ya Muqauqis, mkubwa wa Misri.

Nanyi wenye maduka, msichanganye zaka na sadaka. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba zaka ya mji hugawiwa wenye haki wa mji ule ule. Lakini sadaka ya hiari haina mpaka. Na ipande milima ya Iringa, ifike Mbeya.

Jambo la mwisho ni zito. Nalihudhuria hafla moja ambayo ahadi zilisomwa kwa kipaza sauti, na watu wakapiga takbiri. Miezi ikapita, na mwalimu wa watoto angali akizunguka madukani kama mdai deni. Fikihi yetu haimpeleki kwa kadhi aliyeahidi sadaka, lakini kuvunja ahadi Mtume amekuhesabu katika alama za mnafiki. Shilingi elfu iliyo mkononi ni bora kuliko milioni iliyo ulimini.

Wala msimcheke mwenye kidogo. Abu Akil alileta nusu ya pishi ya tende, wanafiki wakamdhihaki, na Mwenyiezi Mungu akateremsha aya ya 79 ya Sura Tauba kuwalaani wenye dhihaka. Huenda mkono wa kwanza ukawa wa mchukuzi, si wa tajiri.

Basi itoe ile barua mfukoni, ndugu yangu, uijibu leo.

Ewe Mola, tujaalie katika wenye kutangulia katika kheri, uzihifadhi amana zetu na ndimi zetu. Amin. Wabillahi ttaufik.