Mafundi Waliomo Ngozini Mwetu



Wako wadhanio ya kuwa Mwenyezi Mungu aliuumba mwili wa mwanadamu, kisha akauacha upambane peke yake na jua na maradhi. Dhana hiyo hubatilishwa na ngozi ya mkono wako mwenyewe.

Mkulima wa Kwedizinga, wilayani Handeni, anapopalilia mahindi yake hadi adhuhuri, miali ya jua hupenya ngozi na kuifikia DNA, yaani uzi mrefu uliomo ndani ya chembe hai, ambamo umeandikwa mpango wa mwili. Pengine herufi mbili zilizo jirani hugandamana, na maandishi yasisomeke. Lakini mkulima huyo hajafika nyumbani, na matengenezo yamekwisha anza. Vimeng'enya huikagua DNA, huukata uzi pande zote mbili za dosari, hutoa kipande cha herufi 30 hivi, kisha huandika upya.

Huandika kwa kufuata nini? DNA imesokotwa kwa nyuzi mbili, na kila uzi ni shahidi wa mwenzake: ulioharibika husahihishwa kwa ule uliosalimika. Hata zikikatika zote mbili, chembe huweza kuziunga. Na ikiwa imekwisha toa nakala yake, nakala hiyo huwa kielelezo. Kwa kuyachunguza matengenezo ya DNA, Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015.

Je, kwa kuwa mafundi wapo, tusijikinge? Hasha! Watazame ndugu zetu wenye ualbino. Mafundi wao ni wazima kama wetu. Kilichopungua ni melanini, rangi izuiayo miali. Basi madhara huwazidi mafundi, na chembe ikigawanyika kabla kosa halijasahihishwa, kosa hurithiwa na chembe zifuatazo. Hapo ndipo saratani iwezapo kuanza.

Kwa hiyo mtoto huyo si laana, wala mama yake asilaumiwe, maana urithi huo hutoka kwa wazazi wote wawili. Mahitaji yake ni kofia pana, nguo za mikono mirefu, kivuli, na mafuta ya kukinga jua. Na kidonda kisichopona kionwe na daktari mapema. Amnyimaye kofia akisema, "Mungu atamlinda," ameukataa ulinzi ambao Mungu ameuweka mikononi mwake.

Nawe uitafutaye kweli, upime moyo wako kwa mfano huo. Mlango wa toba u wazi, lakini kosa linaloachwa likarudiwa huwa tabia, na tabia ya mzazi hunakiliwa na mwana. Litengeneze leo, lingali dogo, ukikaa karibu na mwema atakayekuwa kielelezo chako.