Fundi wa matengenezo asikumbukwe siku mtambo ukiharibika tu

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, kila ifikapo Mei Mosi tunashuhudia wafanyakazi bora wakiitwa mbele na kukabidhiwa vyeti, fedha na zawadi nyinginezo. Ni jambo jema. Lakini hebu tujiulize, ni mara ngapi katika majina hayo tunasikia wametajwa mafundi wa matengenezo? Namaanisha wale wanaotia grisi kwenye beringi, wanaobadili mikanda, na wanaosikiliza mlio wa mota wakajua kuwa hii haifiki Ijumaa.

Sisi wakazi wa Temeke na Kinondoni tunaishi na viwanda. Chang'ombe vipo, Mbagala vipo, Mikocheni vipo. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza kazi mwaka 1966. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, kilifunguliwa mwaka 1968. Chuma hakiishi miaka mingi kwa kudra ya mwenye mtaji. Baada ya rehma za Allah (s.w.), huishi kwa mkono wa fundi.

Tatizo la kazi hii ni kwamba ikifanywa vizuri haionekani. Mtambo ukizunguka mwaka mzima bila kusimama, anasifiwa meneja kwa uzalishaji na mwuzaji kwa mauzo. Ukisimama saa mbili tu, anatafutwa fundi, tena kwa ukali.

Mafunzo ya Mtume (s.a.w.)

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mwanamke mmoja mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Mama huyu alifariki, na Maswahaba wakamzika bila kumjulisha Mtume, kana kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Mtume (s.a.w.) alipoona hayupo aliulizia. Alipoambiwa amefariki, aliwalaumu kwa kutomwarifu, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda kumswalia.

Tuzingatie kisa hiki. Mama yule hakujenga msikiti, aliutunza. Kazi yake ilikuwa ya matunzo, ambayo watu huiona pale tu inapokosekana. Lakini kiongozi wa umma mzima alikuwa akimfahamu, akatambua kutokuwepo kwake, na akamtukuza mbele ya wale wale waliolidogosha jambo lake. Je, ni meneja gani leo anajua kuwa fundi wa zamu ya usiku hajaonekana kazini siku tatu, na akauliza kama anaumwa?

Na katika Suratu Sabaa (34:10-11), Allah (s.w.) anatufahamisha kuwa alimlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma, kisha akamwamrisha atengeneze deraya na apime vizuri pete zake. Chuma kimelainishwa kwa muujiza, lakini amri ya kupima ikabaki pale pale. Hii ndiyo itqani, kuifanya kazi kwa ukamilifu, ambayo Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah huipenda.

Ni amana ya roho za watu

Tarehe 24 Juni, 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko pasipo breki kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Allah awarehemu. Abiria haoni breki. Anapanda akiamini kuwa yupo mtu aliyeikagua. Ndivyo ilivyo kwa kibarua anayesimama kando ya boila, na kwa mama anayepika karibu na nguzo ya umeme.

Kwa hiyo ewe fundi, hapa nawe una lako. Kutia saini kwenye daftari kuwa umekagua, hali hukukagua, ni ushahidi wa uongo. Kuuza spea mpya na kurudisha kuukuu ni hiyana. Usiseme mshahara ni mdogo. Dai haki yako, lakini usiitafute juu ya mgongo wa roho za wenzio.

Namna ya kushukuru

Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Lakini shukrani nayo ina uadilifu wake. Kwanza, asisifiwe tu yule anayekuja mbio usiku kuufufua mtambo uliokufa. Huenda umekufa kwa sababu yeye mwenyewe hakuuhudumia mapema. Anayestahiki zaidi ni yule ambaye mtambo wake haukufa.

Pili, kazi ya kikosi ishukuriwe kwa kikosi kizima. Saidia fundi aliyeshika tochi na kibarua aliyebeba jeki nao watajwe. Mkubwa anayepanda jukwaani kupokea sifa za kazi ya walio chini yake aisome Suratu Aali Imran (3:188), inayowaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda.

Tatu, cheti kisiwe mbadala wa haki. Mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Glavu, buti na kofia ngumu si zawadi. Ni wajibu wa mwajiri, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka amkinge mfanyakazi wake. Kumpa fundi cheti cha ushujaa huku ukimpandisha juu bila mkanda wa usalama ni dhulma iliyotiwa fremu.

Wapo wanaohofia kuwa kusifiwa kutaharibu ikhlasi. Hofu hiyo ina msingi, kwani Mtume (s.a.w.) alikataza kumsifu mtu kwa kupindukia. Lakini alipoulizwa kuhusu mtu anayefanya kheri kisha watu wakamsifu kwayo, alieleza kuwa hiyo ni bishara ya mapema kwa Muumini, kama alivyopokea Muslim. Basi tumsifu mtu kwa alichokifanya, kwa kiasi chake, na nia yake tumwachie Mola wake.

Tuanzie misikitini

Kabla ya kuwanyooshea vidole wenye viwanda, tujitazame wenyewe. Katika misikiti yetu mingi, jina la aliyetoa pampu ya kisima linatangazwa hadi mtaa wa pili. Lakini yule kijana anayeamshwa kabla ya Alfajiri kuitengeneza ili watu wapate udhu, tunamwambia "Allah atakulipa", naye anarudi kwake Tandika kwa miguu. Kweli Allah atamlipa. Lakini malipo ya Allah hayafuti deni letu, isipokuwa mwenyewe awe amejitolea. Kamati zetu ziwe na fungu la matengenezo, na ziwatambue wanaoyafanya. Tukifanya hivyo, hapo ndipo tutakuwa na uso wa kumnasihi mwenye kiwanda.

Allah (s.w.) ameuliza katika Suratur-Rahman (55:60) kama yapo malipo ya wema yasiyokuwa wema. Jibu tunalo. Tumwombe atujaalie kuwa miongoni mwa wanaolitoa kwa vitendo, na awalinde mafundi wetu kila zamu, usiku na mchana. Amin.

Wabillahi tawfiq.