Nani Hulishwa Mbuzi Anapolishwa?

Wanafalsafa wanapouliza ni nini kinachokifanya kiumbe hai kuwa kimoja, aghalabu huanzia kwenye nafsi ya mwanadamu, ilhali hori la mbuzi lingewafikisha kwenye kiini cha swali hilo kwa njia fupi zaidi. Mbuzi ni mnyama anayecheua, na tumbo lake lina vyumba vinne. Katika chumba cha kwanza, kilicho kikubwa kuliko vyote na kiitwacho rumeni, majani huchachushwa na vijidudu, yaani bakteria, protozoa, kuvu na viumbe vingine vya seli moja viitwavyo arkea. Mbuzi mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja selulosi, ambayo ndiyo nyuzi ngumu za majani. Vijidudu ndivyo vinavyoivunja, na asidi zinazobaki baada ya mlo wao ndizo zinazompa mnyama sehemu kubwa ya nguvu zake.

Kwa hiyo kirutubisho cha ziada mara nyingi hakimfikii mbuzi moja kwa moja. Yurea, ile ile inayotumika kama mbolea, huchanganywa kwa kipimo kidogo na molasi na pumba, nayo ikizidi huua. Mbuzi peke yake hawezi kuigeuza kuwa chakula, lakini vijidudu huibadilisha kuwa amonia, hujijengea protini kutokana na naitrojeni yake, kisha husukumwa pamoja na malisho hadi chumba cha nne, ambako mbuzi huvimeng'enya. Kilicholishwa ni kundi la ndani, na mbuzi, naye akiwa mfugaji kwa namna yake, amelichinja kundi hilo.

Aristotle, aliyevieleza vyumba hivyo vinne na kuvihusisha na ukosefu wa meno ya mbele ya juu, alishikilia kwamba umoja wa mnyama hutokana na nafsi inayoziongoza sehemu zake zote kwenye lengo moja. Wapo leo wanaopanua mpaka wa umoja huo na kumhesabu mwenyeji pamoja na vijidudu vyake kuwa kitu kimoja, wanachokiita holobionti, na ushahidi wao si haba. Mlusina, mti wa malisho unaofahamika vyema na wafugaji wa Tanzania na Kenya, una sumu iitwayo mimosini, ambayo tumboni hugeuka kuwa kemikali inayodhuru tezi ya shingo. Mifugo ya Australia iliyoula kwa wingi ilidhoofika na kunyonyoka manyoya, ilhali mbuzi wa Hawaii waliula bila madhara. Mtafiti Raymond Jones alishuku kwamba tofauti haikuwa katika damu ya mbuzi bali katika wakazi wa tumbo lake, na mwaka 1986 yeye na mwenzake Megarrity walichapisha taarifa ya kuhamisha bakteria wa mbuzi wa Hawaii hadi kwa mifugo ya Australia, ambayo tangu hapo iliweza kuyala majani hayo. Mmoja wa bakteria hao alipewa mwaka 1992 jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Ni vigumu kusema kama mbuzi aliyepokea mgeni huyo ameponywa tu au amekuwa mbuzi wa namna nyingine.

Hata hivyo, dhana ya holobionti inateleza mahali pamoja. Mbuzi akivamia gunia la mahindi, bakteria watoao asidi ya laktiki huongezeka kwa kasi, pH ya rumeni hushuka chini ya 5.5, na mnyama huacha kucheua, huharisha na pengine hufa. Kwa bakteria hao, hiyo ni neema. Kama mbuzi na vijidudu vingekuwa kitu kimoja, isingewezekana kusema kwamba huyu amedhuriwa na shibe ya wale. Yaelekea, basi, kwamba umoja wa mbuzi hautokani na orodha ya vilivyomo ndani yake, bali na kuwapo kwa mmoja anayeumia.

Kigezo hiki hujaribiwa na kitoto cha mbuzi, ambacho huzaliwa rumeni yake ikiwa ndogo na isiyofanya kazi, hata maziwa huipita kando hadi chumba cha nne, na ambacho hupata vijidudu vyake kwa kulambwa na mama na kuonja majani pamoja na kundi. Kitoto hicho huumia tangu siku ya kwanza, kwa hiyo ni mbuzi kamili kabla hakijaweza kumeng'enya jani hata moja, na anayeikataa hoja hii atalazimika kueleza ni lini hasa mbuzi huanza kuwa mbuzi.