Kidonda Kimefunga, Maumivu Yamebaki

Soma Ayubu 2:11–13 na 13:4.

Tuseme dada yetu amefanyiwa upasuaji wa tumbo. Kanisa limeomba, nyuzi zimetolewa, kovu limekauka. Miezi 6 baadaye bado anasema tumbo la chini linamchoma kama moto, na kifandugu, kile kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo, hakimruhusu kukaa kwenye benchi hadi hubiri liishe. Je, tumwamini?

Madaktari wanalijua jambo hili. Neva za ukuta wa tumbo zinaweza kukatwa au kubanwa ndani ya kovu, na picha ya eksirei isionyeshe kitu. Mara nyingi ushahidi tulio nao ni neno lake tu.

Rafiki za Ayubu walifanya vema siku 7 walizoketi naye kimya. Walikosea walipoanza kumtafutia sababu. Sisi hatungoji hata siku 7. Tunampima imani, au tunamsukuma asimame atoe ushuhuda wa uponyaji ambao hajaupata. (Huko ni kumfundisha kusema uongo kanisani.) Paulo aliomba mara 3 na mwiba ukabaki, 2 Wakorintho 12:7–9, wala hatusemi alipungukiwa imani.

Kumwamini hakutuzuii kumsindikiza tena hospitali. Na akisimama nyuma wakati wa lesoni, asiulizwe kwa nini haketi.

Kwa mjadala: Katika kikundi chenu, ni nani aliyeacha kusema anaumwa kwa kuwa tulichoka kumsikiliza?