Je, Thamani ya Mtu Hupimwa kwa Urithi Wake?

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Viktoria tumezoea kupima. Samaki hupimwa mwaloni kwa mizani, pamba kwa kilo, shamba kwa ekari. Sokoni tabia hii ni njema. Ubaya huanza tunapoitoa sokoni tukawapimia watu, tukisema huyu ana damu nzuri na yule ana kasoro ya ukoo. Hebu tuwatazame viumbe wawili wa majini, kisha tuulize kama kipimo hicho kinafaa.

Wa kwanza ni chura wa majini mwenye makucha miguuni, ambaye wataalamu wamempa jina la ziwa letu: Xenopus victorianus. Ndani ya kila chembe hai ya mwili wake mna nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu, nazo ni 36. Mwanadamu anazo 46. Hadi hapo twaweza kujivuna. Lakini jamaa yake mmoja wa nyanda za juu za Rwanda na Uganda anazo 72, na mwingine wa upande wa Milima ya Ruwenzori anazo 108! Wamezipataje? Zamani sana aina mbili za vyura zilizaliana, na uzao wao ukabaki na urithi wote wa pande mbili. Kwa kundi la vyura wenye kromosomu 36, jambo hilo lilitokea miaka kama milioni 17 iliyopita. Kwa wale wengine likarudiwa tena.

Wa pili ni kamongo. Yeye si chura, wala si samaki kama sato, kwani huvuta hewa kwa mapafu, na katika samaki wote jamii yake ndiyo iliyo karibu zaidi na vyura na sisi tunaotembea nchi kavu. Urithi wake, ukihesabiwa kama herufi za kitabu, hukadiriwa kufika bilioni 130. Wetu ni bilioni 3 hivi. Kwa hiyo kamongo aliyelala ndani ya beseni pale Kirumba amebeba urithi mara 40 kuliko mama anayemnunua.

Je, unene wa kitabu hicho umemwongezea hekima? La hasha. Mwaka 2021 wataalamu walisoma urithi wa jamaa zake wa karibu, wakaona kwamba sehemu kubwa ni vipande vinavyojinakili na kujipachika tena na tena, kizazi hata kizazi, bila kufutwa. Basi kama thamani ingefuata wingi wa urithi, ingetupasa kumwamkia kamongo shikamoo.

Lakini mtu aweza kusema, "Tuache wingi, tupime ukamilifu." Neno hili lina sura ya busara, nalo ndilo la kuogopwa. Hapa Kanda ya Ziwa, tangu miaka ya 2006 na 2007, ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa, wakauawa na kukatwa viungo, hata watoto wadogo, kwa sababu walikuwepo waliowaita mizimu na waliotaka utajiri kwa njia ya viungo vyao. Je, tofauti yao na sisi ni nini? Kwa wengi wao hapa Afrika, ni kukosekana kwa kipande cha herufi kama 2,700 katika zile bilioni 3. Hiyo ni chini ya herufi moja katika kila milioni.

Tena, upungufu huo si wao peke yao waliouchukua. Hapa Tanzania ualbino hukadiriwa kumpata mtu 1 katika kila 1,400. Mtoto huzaliwa nao akipokea upungufu kwa baba na kwa mama pia, ingawa wazazi wenyewe huenda ngozi yao ni nyeusi. Kwa hesabu hiyo, karibu mtu 1 katika kila 20 ameubeba pasipo kujua. Hesabuni watu wa mabenchi mawili matatu ya kanisa letu, na huenda yumo mmoja. Basi ni nani miongoni mwetu atakayeshika mizani ya ukamilifu?

Sisi twaona kwamba utu si kiasi cha kitu kilichomo mwilini. Utu ni haki ambayo kila aliyezaliwa na mtu anatudai, nasi hatuna ruhusa ya kumpima kwanza ndipo tumlipe. Deni hili lina matendo yake. Mtoto mwenye ualbino apewe kofia na nguo za mikono mirefu, na akae mbele darasani karibu na ubao, maana macho yake hayaoni mbali. Asiachwe kutembea peke yake gizani. Na tukisikia jirani au mganga ananong'ona habari za viungo vya watu, tusinyamaze kwa kuogopa kuharibu ujirani. Twende polisi siku hiyo hiyo.